Ndoto Aliyovishwa Shomari

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani nilipojua kwamba katika nyumba ya bibi yangu, huko Vihingo, mtu hakuwa huru kuamka na kunywa uji wake tu. Kwanza aliulizwa ameota nini. Bibi aliuliza huku anachochea kuni, bila hata kukutazama, kama anayeuliza iwapo kuku wamefunguliwa. Ukisema hukuota kitu, alikukata jicho la mashaka. Ukisema umeota unaruka, alikwambia unakua. Ukiota nyama mbichi ulitolewa mbio mpaka jalalani, ukaisimulie takataka kabla hujaisimulia kwa binadamu, ndipo urudi kunawa na kula.

Mwenyewe alisema kulota, kama Wazaramo wote wa rika lake. Sisi watoto tulisema kuota, naye alitucheka kwamba tumeling'oa neno jino la mbele. Nimezeeka ndipo nilipoona kuwa hakukosea. Sema ndoto, usikilize ulimi wako unakwenda kugusa wapi; unagusa palepale alipogusa Bibi. Mwalimu mmoja hapa Kibaha aliwahi kunieleza kwamba kuota jua na kuota kwa mbegu ni maneno ya wazazi wengine kabisa, yamekutana njiani yakafanana sura. Sina ugomvi naye. Mjukuu wangu anayefanya kazi kiwandani Zegereni naye ananiambia ndoto yake ni kununua pikipiki. Siku hizi ndoto ni kitu unachokitaka wewe. Zamani ilikuwa kitu kinachokutaka. Namwombea aipate hiyo pikipiki.

Neno zito kuliko yote lilikuwa kuoteshwa. Kuota, kwa maelezo ya Bibi, ni mambo ya tumbo na uchovu. Kuoteshwa ni kutembelewa. Marehemu anakuja usingizini kwa jina lake na sura yake, anasema lake, anaondoka. Kesho yake aliyeoteshwa hawezi kunyamaza, na hakuna wa kumbishia, maana shahidi wake yuko kaburini. Waganga walioteshwa dawa, wagomvi walioteshwa kupatana. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alisema maiti hawarudi kuzungumza na watu. Alilisema kila mwaka kabla ya tambiko, na kila mwaka alibakiziwa paja la mbuzi.

Babu yangu, Mzee Kondo, alikuwa amefariki. Kwetu mtu mzima akifa jina lake halizikwi naye. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, hukalishwa mkekani, huvishwa shuka la marehemu, na tangu siku hiyo huitwa kwa jina la mjomba na kubeba yote aliyokuwa akibeba mjomba. Mpwa wa Babu alikuwa Shomari. Arobaini ilipofika Shomari akawa na safari. Kila mtu alijua sababu ya safari ile. Babu alikuwa na pepo lenye miiko mikali: hakuvaa viatu maisha yake yote, hakuonja kambale, wala hakulala mahali ambapo hasikii jogoo wake mwenyewe akiwika. Shomari alikuwa mchuuzi wa tumbaku, kiguu na njia mpaka Mlandizi na Dar es Salaam, na viatu vyake vyeusi alivipaka mafuta ya nazi kila asubuhi tukimtazama. Jina hakulitaka. Alilolitaka ni bonde la Babu.

Bonde lile la mpunga Babu alikuwa amemlimia Bibi tangu amuoe, na baada yake likawa mikononi mwa Bibi na mama yangu, Siwema. Mwaka ninaousimulia, miaka michache kabla Mwingereza hajaanza kufungasha, masika yalipiga vibaya. Mpunga wa wenzetu ulilala kwenye maji ukaoza. Wetu ulisimama, kwa kuwa kipande chetu kilikuwa na mwinuko kidogo, na hilo aliliona hata mtoto. Lakini mtu mwenye njaa akitazama mpunga wa jirani haoni mwinuko.

Ijumaa moja baada ya sala, watu wakiwa wamekusanyika kwenye baraza ya jumbe, Shomari alisimama akaomba kusema.

"Mjomba amenijia," alisema. "Alisimama mlangoni na shuka lake lile la michirizi. Akaniambia, Shomari, bonde langu linanyonya mabonde ya wenzangu, linaharibu jina langu. Akanionyesha mkono unaolichezea. Ulikuwa mkono wa Siwema."

Watu waliguna wote pamoja. Mama alikuwa amekaa na wanawake wenzake pembeni, akasimama taratibu.

"Baba yangu mzazi aje anitaje mimi, tena aje kwako wewe?"

Hilo tu ndilo alilosema. Hakupata nafasi ya kusema zaidi, maana Shomari alikuja na mganga wake tayari, na mganga alikuja na wembe wake. Kwetu aliyetajwa kwa uchawi alinyolewa nywele zote mbele ya watu, akachanjwa utosini na kupakwa dawa, ati uchawi umtoke. Mama alikuwa amesukwa siku ileile asubuhi. Walimnyoa pakavu, bila tone la maji, na alivyokuwa akiuma meno nilimwona taya linavyocheza. Mwanamke mmoja jirani alinishika akaniziba macho, ila alivyokuwa akinyoosha shingo ili na yeye asipitwe, vidole vyake viliachana, na mimi nikaona kila kitu. Jumbe alikuwa akichezea kofia yake. Bonde likakabidhiwa kwa Shomari alitunze, mpaka mambo yapoe.

Basi tukawa watu wa kuepukwa. Nikitumwa moto naambiwa umezimika, na moshi nauona unatoka juu ya paa. Mama akipeleka chakula msibani, chungu kinarudi kama kilivyokwenda. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye mkonge upande wa Kibaha, na alizoea kuja kila akipokea posho. Habari zilimfikia kabla posho haijamfikia, na hakuja. Hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko wembe. Aliacha kuchana hata zile nywele fupi zilizoanza kurudi, akawa anashinda ndani akifunga na kufungua kilemba chake.

Siku moja alitoka akamkuta Bibi anapepeta mchele uani.

"Mama, nakwenda bomani Kisarawe. Mwingereza amekataza mambo haya. Nakwenda kumshitaki."

"Nenda," Bibi alisema. "Watamweka ndani, atakula ugali wa serikali, atatoka amenenepa. Na wewe utabaki mchawi vilevile, tena mchawi aliyemfunga ndugu yake."

"Kwa hiyo tumwache?"

"Nani kasema tumwache?" Bibi aliupuliza ungo, pumba zikaruka. "Mimi nataka kumwamini Shomari. Nitamwamini mpaka akome."

Sikuelewa. Mama pia nadhani hakuelewa, lakini aliketi, na ilikuwa mara ya kwanza siku nyingi kumwona akiketi uani mchana.

Ijumaa iliyofuata Bibi alivaa kaniki mpya, akajitwika shuka la michirizi la marehemu likiwa limekunjwa vizuri, akatuongoza mimi na mama mpaka kwenye baraza ya jumbe. Alipita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapiga goti mbele ya jumbe.

"Nimekuja kushukuru," alisema.

"Unashukuru nini, bibi?"

"Mume wangu alilala bila mrithi wa jina. Nimekuwa nikilia, nikisema Kondo amepotea. Kumbe amekwisha chagua mtu. Amemjia Shomari kwa sura yake, akampa amri juu ya mali yake, mbele yenu nyote mmesikia. Sasa mimi ni nani nimkatalie?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na neno la kupinga, kwa sababu ndivyo mambo yalivyokuwa tangu zamani, na wengi wao walishaanza kuona haya kwa jina la Mzee Kondo kuachwa hivihivi. Shomari aliruka.

"Mkazamjomba, ngoja kwanza. Mimi nina biashara, nina safari zangu..."

"Mjomba wako alikujia, hakukujia?"

Shomari aliwatazama watu, akamtazama jumbe, akatazama bondeni.

"Alinijia," alisema.

"Basi vua viatu," Bibi alimwambia.

Walimkalisha mkekani palepale. Bibi mwenyewe alimfunika lile shuka mabegani, akalilainisha kwa kiganja kama anavyofanya mke mwema, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Karibu nyumbani, mume wangu." Wanawake walipiga vigelegele. Kisha Bibi alimsukuma mama mbele, maana aliyevaa jina la baba amekuwa baba, na mtoto lazima amwamkie.

"Shikamoo, baba," mama alisema.

"Marahaba," Shomari alijibu kwa shida.

"Baba, hivi kwa nini ulininyoa?"

Vigelegele vilikatika. Mzee mmoja alikohoa. Nadhani hapo ndipo watu walipoanza kuligeuza jambo lile vichwani mwao na kuliona upande wake wa pili, lakini Bibi hakutaka waone haraka. Alishukuru tena, akatuchukua, tukarudi nyumbani. Njiani alikuwa akiimba puani.

Basi Shomari alikiona cha mtema kuni. Bonde alilipata, naam, ila alilipata kama alivyokuwa nalo Kondo, na Kondo alilima kwa mikono yake na mavuno yote yakaingia ghalani kwa mkewe. Bibi alikuwa akienda asubuhi kukaa juu ya tuta na tambuu yake mdomoni. "Kondo wangu hakulima hivyo," alikuwa akisema. "Kondo wangu alikuwa akiinama." Shomari anainama. Jioni Bibi anamletea ugali bondeni kwa adabu zote, anamnawisha mikono, na mboga ni kisamvu, maana siku hizo kambale walikuwa tele na yeye kambale alikuwa haruhusiwi.

Tumbaku yake iliozea darini, kwa sababu kwenda Mlandizi na kurudi ni kulala njiani, na huko jogoo wa kwake hasikiki. Viatu alivificha uvunguni. Wala si Bibi aliyekuwa akimchunga. Waliomchunga ni walewale waliomshangilia mama akinyolewa. Si aliwaambia mwenyewe kwamba marehemu analiangalia lile bonde? Basi kila mvua ilipochelewa walimtazama miguu. Siku moja alionekana amevaa viatu nyuma ya nyumba yake, kiwanjani kwake, na kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa uani wakimuuliza kwa upole kama anataka watoto wao wafe njaa. Mkewe naye alichoka kuulizwa habari za mke mwenzake mzee, akaenda kwao kupumzika.

Na mama je? Mama kila asubuhi alipita njia ya mbele ya nyumba ya Shomari, akiwa amevua kilemba kusudi, akasimama na kumwamkia, "Shikamoo, baba." Alikuwa hamuulizi tena lile swali. Alisimama tu na kichwa chake kile, mpaka aitikiwe. Watu wa leo wangesema tulimtesa. Ndiyo, tulimtesa. Mimi nilikuwa nikimfuata mama nyuma ili nisipitwe na uso wake anapoitikia, na roho yangu mtoto mdogo ilikuwa inasuuzika.

Alivunjika siku ya mavuno ya mwaka uliofuata. Ilikuwa kazi ya wengi, watu wameitana, visu vinakata masuke, wanawake wanaimba. Shomari alikuwa amekonda, nyayo zimepasuka, na mgongo wake umepinda kama wa mtu mwenye umri mara mbili ya wake. Bibi alikuwa juu ya tuta. Alipoona kipande cha mwisho kinamalizika alisema, "Vizuri, mume wangu. Mwakani tuongeze na lile pori la upande wa pili. Ulikuwa ukilitaka siku nyingi."

Shomari aliinua kichwa. "Mwakani?"

"Mwakani na mwaka wa pili yake."

"Mpaka lini, mkazamjomba?"

"Mpaka ufe," Bibi alisema, tena kwa upole kabisa. "Jina si shati."

Akakitupa kisu majini. "Sikuoteshwa!" alipiga kelele. "Hakunijia mtu! Wala mjomba, wala nani, sikuota hata kuku! Nilitaka bonde, jamani. Nilitaka bonde tu!"

Nyimbo zilikoma. Nilisikia maji ya mfereji. Jumbe alikuwepo, ameshika mganda wake, na kwa mara ya kwanza nilimwona jumbe yule akisema neno bila kuichezea kofia. Alisema mtu aliyemsingizia marehemu amemsingizia kila mtu aliye na wake kaburini, na kwamba adhabu yake aiseme aliyedhulumiwa.

Mama hakusema adhabu. Alikwenda mpaka pale alipokuwa Shomari, akafungua pindo la kanga yake, akatoa wembe. Sijui alikuwa akitembea nao tangu lini. Shomari alipiga magoti mwenyewe bila kulazimishwa, na jirani mmoja, yuleyule aliyeniziba macho kwa vidole vilivyoachana, alikimbilia mtungi akaja na maji katika kata. Mama aliyapokea. Aliyanywa yote, akamrudishia kata yake, kisha akaanza kunyoa.

"Polepole," Bibi alimwambia kutoka juu ya tuta. "Usimkate masikio. Atayahitaji, asikie watu wanavyomsema."

Sitasema uongo kwamba nilimhurumia. Nilihesabu hilo kuwa moja kati ya mambo mazuri niliyoyaona utotoni. Mama alinyoa kila unywele, akafuta wembe kwenye jani la mpunga, akalifunga tena pindo lake. Aliporudi njia ya nyumbani alitembea katikati ya njia, na watu walimpisha kwenye majani.

Baadaye majirani walianza kuja na vyungu vyao, na maneno matamu, na watoto wao waliotumwa moto. Mama aliwapa moto watoto. Wakubwa walipokuja wenyewe aliwaambia umezimika, akiwa ameketi mbele yake anauota. Baba alirudi pia kutoka kwenye mkonge, ameleta kanga mbili na sukari. Mama alipokea kanga, akapokea sukari, akamtandikia barazani, na barazani alilala mpaka mvua za vuli zilipomwingiza ndani. Shomari alihamia upande wa Mlandizi. Alipokufa, miaka mingi baadaye, mama alikwenda mazikoni akala pilau sahani mbili. Watu hupenda nimalizie kwa kusema kwamba alimsamehe. Hakumsamehe, na alikufa mwanamke mwenye afya njema na usingizi mzuri.

Jambo moja ndilo limebaki likinisumbua, na nililipata kwa Bibi mwenyewe. Nilikuwa nimeshaolewa, nimekwenda kumuuguza, na mchana mmoja nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Nilimuuliza, kwa utani, kama katika siku zake zote aliwahi kuoteshwa kweli, maana alituuliza sisi kila siku ila yeye hakuwahi kuulizwa na mtu.

"Mara moja," alisema. "Babu yako alinijia. Usiku wa siku ile mama yako aliponyolewa."

Nilikiweka chini kichupa cha mafuta.

"Alikuja na shuka lake. Akaniambia, mke wangu, yule ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mwenyewe. Ana njaa ya mali tu, yatapita. Nakuomba umwachie."

Nilimtazama Bibi yangu. Mwanamke aliyetufundisha kwamba neno la marehemu halizuiliki, kwamba aliyeoteshwa hawezi kunyamaza, alikuwa amelibana neno la mumewe kifuani miaka yote ile, hakumwambia hata binti yake. Nilimuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia, mume wangu, wewe umekwisha kufa. Rudi ukalale."

Aliniashiria niendelee na mguu wa pili. Nilimpaka mafuta, naye akalala. Nimefika umri wake sasa, nimelifikiria hilo mara nyingi, na kila mara najaribu kumwonea Babu huruma, aliyetoka mbali kiasi kile kuja kumwombea mtu akarudishwa mikono mitupu. Halafu nakikumbuka kichwa cha mama pale kwenye baraza, na naona hata mimi ningemjibu vivyo hivyo.